Hina Ipo, Ndevu Hazipo

Msomaji, sogea nikufundishe kunyoa, ingawa mwalimu mwenyewe nimeaibika. Ndevu ngumu hutaka maji ya moto kwanza, kisha krimu nzito iliyoachwa kidogo ilainishe nywele. Hayo nayajua vizuri mno.

Nilipohamishiwa Garissa kufundisha, nilimwomba mama wa duka krimu ya ndevu.

"Ya ndevu? Na bado kijana hivi?"

Nikaona ananisifu. Akanipa tyubu.

Asubuhi ya kukutana na wazazi, stima zilikuwa zimepotea. Nikapaka gizani. Povu halikutoka, basi mimi mtaalamu nikaiongezea muda, nikanywa chai nzima, ndipo nikanyoa kwa kupapasa na kukimbia shuleni.

Wazee walikaa mbele, ndevu zao za mvi zimegeuzwa nyekundu kwa hina. Nikasimama niwaombe waniamini niwafundishe watoto wao. Mzee mmoja akanitazama kidevu, akapaza sauti:

"Mashallah, mwalimu! Hina imeshika fizuri. Lakini ndefu iko wabi?"

Hata mwalimu mkuu alilia kwa kicheko.

Ukienda kununua krimu ya kunyolea, mwonyeshe muuzaji wembe wako kwanza.