Kalala Ngerengere

Mji wetu enzi za Mdachi ulikuwa na boma, stesheni, mtaa mmoja wa maduka ya Wahindi, na macho. Hasa macho. Ukinunua kaniki asubuhi, kabla hujafika kwenu mlimani mama keshajua ni ya mikono mingapi. Ukipiga chafya bondeni, jioni mtu usiyemjua anakuuliza mafua yameendeleaje. Nilichukia sana. Ila sikuwahi kulala njaa pale, wala kukosa wa kunishika mkono njia ya mlimani ikiteleza, kwa hiyo nilichukia nikiwa nimeshiba.

Habari zilipanda mlima kwa koo za watu. Mwenye neno alisimama kando ya mto akapiga ukelele. Aliyekuwa akipalilia maharage kwenye kilima cha kwanza akaudaka na kuurushia kilima cha pili, hivyo hivyo mpaka kwenye migomba yetu. Upepo nao ulichukua fungu lake njiani.

Wakati huo nilitaka kuolewa na mtani. Watu wa ukoo wao na wetu walitaniana tangu enzi za mababu. Wanatutukana, tunawatukana, na tukifiwa ni kazi yao kuja kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke kidogo. Kijana wangu alikuwa hodari kuliko wote. Tatizo lilikuwa mjomba, maana kwetu mjomba ndiye mwenye kauli.

"Mtani hana neno la kweli," alisema. "Leo atakuoa, kesho atasema alikuwa anatania. Mtoto wa dada yangu simtoi kwa mzaha."

Nilinuna, nikampikia ugali mbichi makusudi. Akaula wote na hakubadili neno.

Basi nikapanda gari la moshi na jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, nikaenda Ngerengere kumtazama shangazi aliyejifungua. Saa ya kurudi ilipofika bado nilikuwa nataka kumbeba mtoto. Nikamwambia jirani, "Mwambie mama nimelala huku, asiningoje leo."

Jirani alikuwa na magoti mabovu. Aliposhuka stesheni hakupanda mlima, aliamua kulala bondeni; alikwenda mtoni akapaza sauti: "Kalala Ngerengere, asimngoje leo!" Kilima cha kwanza kikasema, "Kalala Ngerengere, asimngoje." Cha pili kikasema, "Kalala, msimngoje." Mama yangu, aliyejua kwamba safarini niko mimi, alisikia katikati ya migomba, "Kalala. Msimngoje tena." Na kwetu mtu mwenye adabu hasemi fulani amekufa. Anasema amelala.

Kesho yake, nikiwa ndani ya gari la moshi narudi, niliwaona wanaume wa kwetu wanafuata reli kwa miguu, wamebeba kitanda kitupu. Nikawapungia mkono. Nao wakanipungia, kwa adabu, kisha mmoja wao akakaa chini kwenye majani. Nikasema moyoni, pombe hizo.

Nilipofika nyumbani nikakuta uwanja umejaa watu na vilio. Nikajifunika kaniki, nikakaa kati ya wanawake, nikamnong'oneza wa kando yangu, "Nani?" Hakuinua hata kichwa. "Binti wa nyumba hii," akasema, "na alikuwa bado mdogo." Nikaangua kilio. Nililia kwa uchungu kabisa, nikamlilia yule maskini binti, mpaka nikakumbuka kwamba mama yangu ana binti mmoja tu.

Nilitaka kuinuka niseme. Lakini mtani wangu alikuwa ameingia uwanjani kufanya kazi yake. Alijitwika kikapu, akaanza kutembea mwendo wangu: kidevu mbele, bega moja juu, mdomo umenuna. Watu wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Hata mimi niliona kweli natembea vibaya. Akaenda hatua chache akasimama. Bega likashuka. Akabaki pale katikati ya watu analia kwa sauti kama mtoto, na kikapu bado kichwani.

Hakuna aliyewahi kuona mtani analia kwenye msiba wa watani zake. Ni aibu kuliko kwenda uchi sokoni. Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama, nikafunua kaniki, na kwa kuwa sikujua mtu aliyefufuka aanze na neno gani, nikasema, "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akaitika mjomba, akaendelea kulia.

Kisha akanyamaza. Wanawake wakapiga mayowe, wengine wakakimbilia kwenye migomba, mama akanikumbatia na kunizaba kofi kwa mkono uleule. Mjomba alinitazama, akamtazama mwenye kikapu.

"Wewe," akamwambia, "ulikuja kutuchekesha."

"Ndiyo, mzee."

"Ukalia."

Kijana akashika kikapu kisimwanguke.

"Mtani anayelia si mtani," mjomba akasema, na mlima mzima ulikuwa pale unasikiliza. "Niliapa simwozi mtani. Huyu sijui ni nini sasa." Akanigeukia mimi. "Mchukue, mwanangu."

Wote wakamgeukia mtani, wakingoja mzaha wake. Alifungua mdomo, mzaha ukakosekana. Macho yalikuwa mekundu, kamasi zimefika kidevuni, na tangu siku ile watu wangemcheka mpaka azeeke. Nilimwonea haya mbele ya watu wote wale, nami nilimpenda, nikaenda kumtua kikapu.