Ndege Zilizoshonwa kwa Mkono

Mwaka 2016 baba mkwe wangu alikuwa na miaka tisini na minne, na alitaka jambo moja tu: kwenda kwenye mkutano wa wapiganaji wa zamani, ukumbini kwetu Soweto, akakae viti vya mbele pamoja nao. Aliyemkatalia ni mwanawe, yaani mume wangu.

Mimi ni mtu wa Morogoro, fundi cherehani. Mume wangu nilimpata huko huko, alipokuwa uhamishoni, kijana aliyefunzwa bunduki na aliyejifunza Kiswahili kwa kubishana na wauza nyanya sokoni. Nchi yao ilipopata uhuru nikamfuata, nikaweka cherehani yangu chumba cha mbele nyumbani kwa baba yake. Mzee aliniita makoti, ndivyo Wazulu wanavyomwita mke wa mtoto wao, na hakuacha hata nilipoota mvi.

Mzee alisema alipigana vita kuu ya pili, jangwani kaskazini, na kwamba kazi yake ilikuwa ndege kubwa za mabomu. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulicheka, maana aliongeza kuwa ipo picha inayomwonyesha ameibeba ndege hiyo begani, yeye na wenzake watatu. Ndege ya injini nne! Wajukuu walimwambia apunguze chumvi.

Mume wangu hakucheka, alikasirika. "Mama watoto, usimpe kichwa," aliniambia. "Watu weusi wakati ule hawakupewa bunduki. Baba alikuwa akiwashonea wazungu mahema. Mtu asiye na silaha si askari. Eish, unataka wenzangu wanicheke?"

Siku tatu kabla ya mkutano mzee aliniletea koti lake la jeshi nilitie kiraka. Alipewa vita vilipokwisha, koti na baiskeli, basi. Mwanawe ameshakataa, yeye bado anatengeneza nguo ya kwendea. Roho iliniuma, nikachukua mkasi. Nilipofumua bitana kwapani ikaanguka picha ndogo, imekunjamana. Wanaume wanne weusi wenye kaptula, wamebeba ndege kubwa mabegani kama watu wanaohamisha kabati. Wa pili kutoka kushoto, mzee ujanani, alikuwa kama mume wangu kabisa, masikio yale yale.

Nikiri kwamba na mimi nilicheka. Nilidhani ni picha ya mzaha, ya kupigwa studio. Kisha nikaona mstari kwenye bawa, nikaisogeza picha dirishani. Ulikuwa mshono wa kukunja mara mbili, ule wa kwenye mguu wa jinzi. Karibu na ncha fundi alikosea kipimo, akaficha kosa kwa kikunjo kidogo cha mshazari. Kikunjo hicho hicho kilikuwa kwenye mkono wa koti nililoshika, pale mzee alipowahi kulipunguza mwenyewe. Aibu ilinishika. Nilimpikia mtu huyu miaka ishirini na sikuwahi kumwamini.

Nikampelekea picha. "Baba, hii ndege ni ya kitambaa."

"Kwani ulidhani ya nini?" akanijibu kwa ukali. "Ya chuma ningeibebaje? Nyinyi huwa mnacheka kabla sijafika kwenye kitambaa."

Nikamwita mume wangu. Akasimama mlangoni, mikono kifuani, na mzee akasimulia hadithi yake mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Ndege za kweli zilifichwa mbali. Wao walishona turubai juu ya fremu za mbao, wakazipanga kwenye uwanja wa uongo, ili adui azione kutoka angani na kumaliza mabomu yake pale. Kila asubuhi walizihamisha, zionekane kama zimeruka na kurudi. Siku ya kwanza walizibeba mabegani, mkubwa wao akapiga picha na kucheka, kisha akatazama chini na kufoka. Mchanga ulijaa nyayo za watu, bila alama hata moja ya gurudumu. Tangu hapo mmoja wao alifuata nyuma na toroli, akifuta nyayo na kuchora njia ya magurudumu. Huyo wa toroli alikuwa rafiki yake, fundi mwenzake, yule wa mwisho kwenye picha.

"Adui alikuja?" mume wangu akauliza.

"Alikuja mchana. Tuliambiwa akija, kazi imefaulu. Tulishangilia kule shimoni tulikojificha, mwanangu. Tulikuwa tunashangilia, na mwenzangu yuko uwanjani na toroli lake."

"Na ndege za kweli?" mume wangu akauliza.

"Zilipita juu yetu jioni. Zote."

"Na nyinyi mlikuwa na nini cha kujilinda?"

"Sindano," mzee akasema.

Mume wangu akaichukua picha, akatoka nayo uani. Nilimwona dirishani ameinamia ile picha juani kwa muda mrefu. Sikumfuata. Nilirudi kwenye koti, nikaligusa kila mahali isipokuwa kile kikunjo.

Jumamosi asubuhi, siku ya mkutano, mume wangu alikuja amevaa bereti yake ya mpiganaji, akamshika baba yake mkono hadi kwenye gari. Mlangoni mwa ukumbi binti mmoja alitupa fomu: jina, kikosi, silaha aliyotumia. Mzee haoni vizuri, kwa hiyo kalamu aliishika mwanawe. Jina alijaza. Kikosi alijaza. Kwenye silaha mkono wake ulisimama, na wenzake wenye bereti walikuwa nyuma yetu wakisubiri zamu. Nilidhani ataiacha nafasi hiyo wazi.

Aliandika neno moja, kisha akamsomea baba yake kwa sauti, wote wakasikia: sindano.

Mzee akafikiri. "Ongeza na uzi," akasema.