Riwaya Aliyosomewa Papa Darini

Papa, baba yangu, alitoka mafichoni baada ya kusomewa riwaya. Sisemi riwaya ndiyo iliyomtoa. Naeleza tu mambo yalivyofuatana, kama nilivyoyaona nikiwa msichana wa shule katika mtaa wetu wa Kabondo.

Juzi nilirudi kuiangalia nyumba yetu. Wapangaji walikuwa wakitwanga ndizi za lituma, chakula chetu cha ndizi za kupondwa, na mshindo wa kinu ulinisimamisha mlangoni. Wakati wa uasi, miaka michache baada ya uhuru, waasi walipoushika mji wetu, kinu chetu kilikuwa na kazi mbili. Papa alikuwa karani wa serikali tangu kabla ya uhuru, na waasi walikuwa wakiwasaka makarani. Tulimficha darini, kwenye vumbi na joto la mabati. Kila alipokohoa, bibi alitwanga, hata kama kinuni hamna kitu. Majirani walipouliza tunakula nini kutwa nzima, aliwajibu kwamba meno yake yamezeeka, pondu yake ya majani ya muhogo lazima ilainike kama uji.

Papa alichoka na giza, akaomba asomewe. Nyumbani kulikuwa na kitabu kimoja, riwaya ya Kifaransa aliyotuachia jirani yetu mwalimu alipokimbilia msituni. Nilikaa chini ya tundu la dari, nikasoma kwa sauti ndogo, huku nikimtafsiria bibi kwa Kiswahili. Wakulima wa nchi ya theluji walimwasi mfalme wao. Nchi gani, zamani gani, hatukujua, wala hatukuona haja. Bibi aliwaulizia wale watu kama alivyokuwa akiwaulizia ndugu zake wa Maniema: ameoa wapi, watoto wanakula nini. Wakulima walipofunga njia ya mji, alisema na sisi yetu imefungwa.

Kisha tukafika kwa karani wa mfalme. Amejificha ghalani, na waasi wanatangaza kwamba atakayejitokeza mwenyewe hatadhurika. Anajitokeza. Wanampa mkate, anarudi kwa mkewe. Papa aliniomba nirudie ukurasa ule.

Wiki hiyo gari la waasi lenye kipaza sauti lilipita Kabondo likitangaza maneno karibu yale yale. Papa alishuka, akaoga, akavaa shati jeupe. Mama alimshika mkono.

"Ile iko kitabu, papa ya batoto."

"Donc, na kisha? Ni mambo ya kweli ya zamani," papa akasema. "Mutu hawezi kudanganya juu ya wenye walikufa. Muniwekee pondu, nitakuya kula."

Bibi alimwekea. Ilichacha.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo, niliikuta vita ile ya wakulima wa theluji katika kitabu cha historia. Ilipiganwa kweli. Ahadi ya msamaha nayo ilitolewa kweli, na wote walioiamini waliuawa. Karani wa mfalme hakuwahi kuwapo. Mtunzi alimbuni, labda kwa kuwahurumia wasomaji wake, ambao tangu shuleni walijua walioiamini ahadi ile walivyoishia. Sisi hatukuwa na wa kutuambia. Mwalimu hakurudi kutoka msituni.

Dari yetu imeng'olewa. Bibi na mama wamekufa wakingoja habari. Nimewahoji wazee wote niliowapata. Mmoja aliwaona makarani wakipelekwa upande wa Kapalata. Mwingine anaapa ilikuwa kwenye daraja la Tshopo, na kwamba papa alikuwa bado na shati lake. Hakuna shahidi wa tatu.