Boila ya Wodi ya Wazazi

Siku yangu ya kwanza kwenye ufundi bomba nilikabidhiwa spana na kukatazwa kuitumia. Nilikuwa nimetoka Nyarero na cheti cha kidato cha nne. Fundi Mkuu, Mkurya mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alinikalisha mbele ya boila mpaka saa kumi. "Mura, tazama tu," alisema, akiniita kijana kwa Kikurya. "Ukishajua maji yanapita wapi, ndipo utayafungua."

Ninyi mnaoingia kazini sasa mmezikuta hita za umeme. Sisi tulikuwa na boila: tangi la chuma juu ya tanuri ya kuni, linalopeleka maji ya moto vyumbani kwa mabomba. Kabla ya matengenezo lazima litolewe maji yote. Moto unazimwa siku moja kabla ili maji yapoe. Unafunga koki ya kuingizia. Unapanda juu kuhakikisha bomba la kupumulia liko wazi, maana maji yakitoka hewa lazima iingie mahali pake. Mwisho kabisa unafungua koki ya chini.

Niliifanya kazi hiyo Machochwe kwenye nyumba za wageni, nikaifanya Mugumu, kila mara nikiwa nyuma ya Fundi Mkuu. Mahali pa kwanza kutumwa peke yangu palikuwa kituo kimoja cha afya upande wa Nyamwaga, kubadilisha bomba la boila lililooza; moto walikuwa wameshauzima tangu jana yake. Muuguzi Mfawidhi, mama wa Kipare aliyehamishiwa huko, alinipokea kwa sentensi moja: "Fundi, nina wazazi wanne humu ndani, jioni nataka maji ya moto."

Kilikuwa kiangazi, na kwetu kiangazi maji hayamwagwi ovyo. Kabla sijashusha mkoba, ndugu wa wagonjwa walikuwa wamepanga ndoo foleni mpaka kwenye migomba.

"Fundi, hiyo koki unaifungua au unaitongoza?" mama mmoja aliuliza. Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi. Nikaiacha, nikafungua koki.

Ndoo za kwanza zilijaa vizuri, kisha maji yakawa uzi. Nikadhani ni kutu imeziba, nikaanza kuchokoa kwa waya. Tangi likalia kong! Ubavu wake ukabonyea ndani mbele ya macho yetu.

"Kule juu niliziba na gunzi," mlinzi wa kituo akasema polepole. "Nyuki walitaka kuhamia."

Nilifunga koki, nikapanda, nikachomoa gunzi la mahindi. Hewa iliingia ikipiga mluzi, na ubavu ukarudi nusu. Nusu nyingine ilibaki imebonyea, karibu kabisa na mshono wa kuchomelea. Tangi lilikuwa hilo hilo moja.

Mlinzi alinisogelea. "Sema ulilikuta hivyo. Nani atabisha?"

Nilitamani. Lakini nilikwenda wodini nikamweleza Muuguzi Mfawidhi kwamba sikupanda kukagua.

"Jioni litafanya kazi?"

"Sijui, mama, mpaka nilijaze."

Nilimaliza kutoa maji, nikabadilisha lile bomba lililooza, nikalijaza tangi taratibu huku kiganja kikiwa kwenye mshono. Wale wa ndoo hawakucheka tena. Mmoja alileta kuni. Moto ulishika, chuma kikapata joto, na mshono ukabaki mkavu. Nilipokwenda kutoa taarifa, Muuguzi Mfawidhi alikuwa ameshakinga beseni.

"Mengine utamalizana na bosi wako," alisema. "Sasa toka, tunaogesha mtoto."

Kesho yake Fundi Mkuu alifika, akapapasa lile bonde. "Hukupanda."

"Sikupanda, mzee."

"Ungesema ulipanda, ungerudi kwenu leo." Wiki hiyo hiyo alinituma peke yangu tena.

Mwaka huu nimeweka spana chini. Bado sijafika hamsini, na miguu bado inataka safari, lakini magoti yamegoma. Vijana huniuliza kazi hii inahitaji nguvu kiasi gani. Nawajibu: nguvu ya kupanda ngazi wakati watu wote chini wanakucheka.