Sare ya Rangi ya Haradali

Jamani, mkinikuta Tianxiu, lile jengo la maduka hapa Guangzhou, nimevaa barakoa na kofia wakati hakuna ugonjwa wala jua, msiniulize, kwa sababu mpaka leo nikiingia kwenye lifti ya jengo lile lazima atokee mtu nyuma aniamkie, "Tumsifu Yesu Kristo, Sista," lifti nzima icheke, na mimi nibaki natazama namba za ghorofa kama vile huyo Sista simjui. Aibu hii niliitafuta kwa mikono yangu. Afadhali niisimulie mwenyewe, maana wenzangu wanaisimulia kwa chumvi na haihitaji chumvi.

Mama yake Deo, mpenzi wangu, alikuja China kunikagua. Deo alisema anakuja kutembea tu, lakini mwanamke aliyestaafu ualimu mkuu huko Singida hapandi ndege mbili kuja kutembea, na kwa miezi mingi kila akiulizwa habari za posa alijibu, "Nitamwona kwanza." Sasa mimi nauza mawigi na mikoba. Nikaona nikimzungusha madukani atarudi kusema mwanawe ameokota machinga, kwa hiyo nilipomsikia akilalamika kwamba amefundisha historia maisha yake yote bila kugusa ukuta wa kale hata mmoja, nikadaka hapo hapo: Mama, wiki hii ya sikukuu viwanda vimefungwa, wenzetu wamekodi Kosta wanakwenda kaskazini siku tatu kuona mahekalu ya kale na nyumba ya watawa iliyojengwa juu ya jabali, twende. Deo alikuwa na kontena lenye matatizo kule bandarini Huangpu, akabaki. Alinishika mkono akaniambia, "Happy, Mama akirudi anatabasamu, tumeoana."

Hapo ningemshukuru Mungu nikatulia. Lakini Mtanzania na safari bila sare, wapi na wapi? Nikajitolea kuwashonea wote, na chini ya kitanda nilikuwa na majora ya kitambaa cha rangi ya haradali yaliyokosa wanunuzi (yule laoban, bosi wa duka aliyeniuzia, alicheka mpaka machozi nilipoyabeba, nikadhani ni ukarimu). Wanawake madera, wanaume kanzu, mikono mipana kwa ajili ya joto. Tulipojipanga mbele ya Kosta pale mtaani Xiaobei tulipendeza, siwezi kusema uongo. Mama alijitazama kwenye kioo cha gari akasema, "Kitambaa kizito, kizuri," na mimi moyoni nikaanza kupanga viti vya ukumbini.

Niwaambie Mama alivyo. Ananyoa kipara, anasema nywele ni kazi ya wasio na kazi. Ni Mkatoliki wa kwelikweli, na barabara za milimani zinamtisha, kwa hiyo kila kona rozari ilikuwa mkononi na midomo inatembea. Hayo yote yatieni ndani ya dera la haradali. Mimi sikuyatia, nilikuwa nawaza harusi.

Hekalu la kwanza watu walitupisha njia, na bibi mmoja akampa Mama machungwa kwa mikono miwili huku ameinama. La pili hawakututoza kiingilio, na baba mmoja akamleta mtoto wake Mama amguse kichwani, Mama akamgusa, akamwuliza kwa Kiswahili yuko darasa la ngapi. "Watu hawa wana adabu," aliniambia garini. "Na wewe unajua mahali pa kumpeleka mtu mzima." Nilikosa usingizi kwa furaha.

Siku ya tatu tukapanda lile jabali, ngazi zimechongwa kwenye mwamba wenyewe, upande mmoja ukuta na upande wa pili mawingu. Tunafika juu tunahema, ngoma ikalia, mlango mkubwa ukafunguka, wakatoka watawa wawili wawili, vichwa vimenyolewa, shanga mkononi, na wote wamevaa sare yetu. Rangi ile ile, mikono mipana ile ile. Kumbe ilikuwa sikukuu yao, ua umejaa waumini, na walipotuona na haradali zetu, mbele kabisa bibi mwenye kipara na shanga mkononi, wakagawanyika katikati na kupiga magoti.

"Njoro, wanasema nini?" Huyu Njoro ni Mkenya, anauza simu Dengfeng, na ndiye peke yake kati yetu aliyekijua Kichina vizuri, ila tangu tutoke mjini alikuwa anarusha video kwenye grupu na hasikilizi mtu.

"Manze Happy, wanasema watawa wametoka mbali sana kuja sikukuu. Wanadhani mathe ndiye mkubwa wao."

"Waambie sivyo."

"Nitawaambia aje na washapiga magoti? Wacha nimalize kushuti."

Wakati huo mtawa kijana alishamkalisha Mama kwenye mto mwekundu. Na Mama, aliyesimama mbele ya mistari ya wanafunzi miaka na miaka, alipoona umati umemtazama akafanya anachokijua: akawaashiria wakae, wakakaa. Akapendezwa. Akawabariki kwa ishara ya msalaba, na ua mzima ukajaribu kumwiga, wengine kwa mkono wa kushoto.

Hapo simu ya Mama ikalia ndani ya mkoba wangu. Kwenye kioo imeandikwa Padre. Video ya Njoro ilikuwa imeshafika Singida.

Akili yangu ikaniambia kitu kimoja tu: kinachowapoteza hawa watu ni kipara, na dawa ya kipara nimeivaa mimi, wigi la mpaka kiunoni, bora kuliko yote dukani kwangu. Nikakimbia mpaka kwenye mto, nikalivua, nikamvisha Mama mkwe mbele ya umati.

Nilichosahau ni kwamba na mimi nina kipara (joto la Guangzhou chini ya wigi msilisikie). Kisha kengele ikapigwa, watu wakaanza kulia, bibi mmoja akaikumbatia miguu yangu.

"Wanasema umeachana na dunia," Njoro akanitafsiria. "Umetoa nywele. Saa hii wewe ni sista."

Ujumbe wa Deo ukaingia: "Happy, tuongee kwanza."

Aliyetuokoa ni mtawa mkuu, mzee mwembamba. Alimtazama Mama ndani ya wigi, akanitazama mimi, akaushika mkono wa dera langu akaupapasa, akaulinganisha na wa joho lake, akacheka mpaka akaegemea nguzo. Njoro akalazimika kueleza, watu wakacheka, tukaletewa chai na tambi zisizo na nyama. Mama hakucheka. Alishuka ngazi zote na wigi lake, akakaa nalo ndani ya Kosta, rozari inazunguka. Nililia kimyakimya nikitazama dirishani, kwa sababu nampenda Deo na nilijua nimempoteza.

Deo alikuwa anatusubiri Xiaobei, uso wa mtu ambaye hajalala. Mama akashuka, akavua wigi, akalikung'uta, akanirudishia.

"Deo, huyu binti alidhani naaibika, akajivua mwenyewe mbele za watu ili anifunike mimi. Peleka posa kwao."

Deo akafungua mdomo. Mama akamwinulia kidole.

"Ila sare ya harusi nitachagua mimi."

Ameshachagua, nimeambiwa tu, sikuulizwa, na siulizi. Nami naapa mbele yenu: kabla sijamshonea mtu sare ya safari, nitauliza kwanza wenyeji wa huko tuendako wanavaa nini.