Siku Niliyobweka Mlangoni Kwangu

Nianze na aibu yenyewe, maana nikianza kuzunguka nitaishia kuificha kama nilivyoificha miaka yote. Mimi, mnayenijua kwa ukali, mimi ninayewarudisha wajukuu na vitukuu mlangoni kwa kuingia bila hodi, nimewahi kushinda kwenye kizingiti cha nyumba yangu na ngozi ya mbuzi mgongoni, nikilia kama nyani, na kijiji kizima kinapita mbele yangu na kuniamkia. Wanaonisimulia vibaya wanasema nilirukwa na akili. Sikurukwa. Ndiyo maana naandika mwenyewe, kwa herufi zangu hizi kubwa kubwa (mtanivumilia, chuoni nilitolewa mapema nikalime), mjue ilivyokuwa.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, mwaka ule reli inakaribia Morogoro, na sisi tuko huku juu ya Mlali, milimani. Shamba lilikuwa langu, nimeachiwa na mama yangu naye kaachiwa na mama yake, kama ilivyo kwetu Waluguru, mume anakuja kwa mkewe. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanne: mimi, babu yenu, binti yangu Zena, na mume wa Zena, Kibwana, ambaye alikuwa na mwaka mmoja tu tangu aoe kwetu. Na mkwe kwetu ni mkwe. Kibwana akiniona njiani anaingia majanini mpaka nipite, na mimi nikimsikia anakohoa nageuza uso, hatusemeshani, hatutazamani, neno langu kwake linapita kwa Zena na neno lake kwangu linapita kwa Zena. Heshima hiyo niliipenda sana. Iliniponza.

Nyani walikuwa wanatumaliza. Mwaka wa nyuma walikula nusu ya shamba, tukashindia mihogo. Babu yenu akatoka Mzumbe siku moja na mbwa mdogo wa rangi ya majivu, mbavu nje, tukamwita Watasema, kwa sababu tulijua watu watasema (nyumba ya Waislamu, mbwa wa nini?). Nikakaa na babu yenu tukagawana kazi ya kumfundisha. Yeye, kwa sababu ya udhu wake, akasema hataki kumgusa mdomo, atamfundisha jambo moja tu, asivuke kizingiti cha nyumba. Kibwana, aliyekuwa mwindaji kwao, apewe kazi ya kumfundisha kushika. Na mimi mwenye shamba nimfundishe cha kushika ni kipi. Zena akatumwa kumweleza mumewe, akarudi na jibu, "Amesema sawa, mama."

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa dogo kama punje. Jioni ile ile nilijiuliza, huyu mbwa akishashika, ataacha vipi? Nani anamfundisha kuacha? Nikataka kumtuma Zena akaulize. Nikaona aah, mama mkwe mzima kutuma swali la namna hiyo, mkwe atasema kumbe bibi huyu hajui kitu, na mwindaji gani anafundisha kushika asifundishe kuachia? Nikanyamaza. Kumbe na Kibwana huko kwake alijiuliza vile vile, naye akaona mama ndiye mwenye shamba na mwenye amri, bila shaka kuacha atamfundisha yeye, mimi nani nimuulize? Naye akanyamaza. Babu yenu hakujiuliza chochote, yeye na kizingiti chake.

Mimi sikuwa na nyani wa kufundishia, nyani hawaji kwa kuitwa. Basi nikangoja wote wameshuka mtoni, nikajifunga ngozi kuukuu ya mbuzi mgongoni, nikaingia kwenye mahindi kwa mikono na magoti, nikavunja hindi, kwaa! halafu nikalia, "Wahu! Wahu!" Watasema akija mbio akaikamata ile ngozi, naifungua kamba, naiacha mdomoni mwake, nampa kipande cha ugali. Kila siku hivyo, muda wa mwezi na zaidi, magoti yakaota sugu. Akawa hodari, Mungu ni shahidi. Ikafika mahali sina haja ya kulia, nikivunja hindi tu, kwaa, huyo, anashika cha mgongoni na haachii mpaka kidondoke. Nikajisifu. Nikampita jirani yangu Bi Tausi kisimani nikamwambia, "Afadhali mbwa wangu, ana adabu kuliko wanao." (Nilisema hivyo, mbele ya watu, mtungi kichwani.)

Mahindi yakakauka, tena mengi, hayajaguswa. Jumbe akapita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba kesho kutwa kila mwenye nguvu atashuka bondeni kwenye kazi ya reli ya Mdachi, na hakuna wa kubaki ila wazee na wenye mimba. Yaani nilikuwa na siku moja. Zena alikuwa na mimba ya miezi minane, babu yenu mgongo haukunjiki, na mbwa peke yake hawezi kuvuna. Mahindi yasipoingia ghalani siku ile ndiyo basi, na mtoto atazaliwa kwenye mihogo. Nikaomba ujima. Wakaja wanawake kama ishirini, na Bi Tausi yumo, maana kazi haina ugomvi.

Wakaingia shambani. Wamejifunga kaniki za pili mgongoni ziwe mifuko ya kutilia mahindi. Wameinama. Mimi nipo pembeni na kapu langu, natazama, nimeridhika, na moyo wangu haukunionya hata kidogo, mpaka nilipoisikia.

Kwaa!

Watasema alitoka chini ya dungu, kile kichanja cha kulindia nyani, kama amerushwa. Akamkamata Bi Tausi kaniki ya mgongoni, Bi Tausi akapiga ukelele, akavuta, mbwa akavuta, kaniki ikabaki kwa mbwa na mahindi yakabaki chini. Kwaa, pale mwingine hajajua kilichotokea anaendelea kuvuna, mbwa huyo kwake. Kwaa, kule. Muda wa kutafuna tonge moja wanawake wote ishirini wako juu ya dungu la kulindia, dungu la watu wawili, linalia, na chini yake mbwa amelalia kaniki saba kama mwenye duka.

"Mwajuma!" Bi Tausi ananiita toka juu. "Huyu ndiye mwenye adabu?"

"Mwambieni aache!" wanapiga kelele wengine.

Nikasema, "Acha!" Mbwa akanitazama kwa upole kabisa, kama mtu anayeongeleshwa Kidachi. Babu yenu akasema, "Acha!" Vile vile. Kibwana akaja mbio na kapu, akaniona, akajifunika uso na kapu, na humo ndani ya kapu akapiga kelele neno pekee alilokuwa amemfundisha, "Shika!" (maskini, alibabaika) na Watasema akaruka akashika kaniki ya nane iliyokuwa inaning'inia.

"Zamu ya nani leo jamani?" Bi Tausi akauliza. "Aliyemfundisha kuacha ajitokeze, sisi tuko hapa tunamngoja."

Hakujitokeza mtu. Hapo ndipo nikajua. Nikamtazama Kibwana kwa mara ya kwanza tangu aoe, naye akachungulia pembeni mwa kapu, tukaonana, na sote wawili tukajua.

Jua linapanda. Mahindi yote yamesimama. Nikaona nisipofanya kitu watu wataondoka. Nikaingia ndani, nikachukua ile ngozi, nikajifunga. Nikarudi shambani, nikapiga magoti mbele ya watu ishirini na mmoja na mkwe wangu, nikavunja hindi, nikalia, "Wahu! Wahu!" Halafu nikakimbia na mikono na miguu kuelekea nyumbani, mbwa nyuma yangu, nikajitupa ndani ya kizingiti.

Akasimama. Hakuvuka hata kwa ukucha. Babu yenu alifundisha jambo moja, lakini alilifundisha.

Nikadhani nimemaliza. Kule shambani wakaanza kuvuna, kwaa, na mbwa akageuza masikio. Nikalia tena, "Wahu!" Akanirudia. Kwaa. "Wahu!" Nikaelewa kwamba siku yangu ndiyo hiyo. Najua mtauliza kwa nini asifungwe kamba. Babu yenu ana udhu wake, wanawake wanamwogopa, na mtu pekee aliyeweza kumshika ni Kibwana, na Kibwana ndiye mtu pekee asiyeweza kusogea mlangoni nilipo, sembuse nikiwa katika vazi lile.

Ghala letu lilikuwa hatua kumi toka mlangoni. Kila kapu lililoingia lilipita mbele yangu. "Shikamoo bibi," wasichana wanasema, wameuma midomo. "Marahaba. Wahu!" Jumbe alipita kuhesabu watu wa kesho, akasimama, akanitazama, akamtazama mbwa, akafikiri, akasema, "Huyu mama abaki," akaenda zake. Zena ndani anapika maharage ya wafanyakazi huku ameshika tumbo, "Mama, nyamaza kidogo, utanizalisha kabla ya siku." Na Bi Tausi, kaniki yake ameiokota na ina matundu, akatunga wimbo wa kuvunia. Sitauandika. Mnaujua, mnaucheza.

Ilipofika alasiri sauti ilikuwa imenikauka, natoa mlio wa kuku. Kapu la mwisho likaingia. Ghala likajaa mpaka mlango wake ukafungwa kwa goti. Watu wakaja, wakala, wakaaga, mmoja mmoja wakinipa mkono hapo hapo kizingitini.

Halafu nikasikia kikohozi nyuma ya ukuta. Nikageuza uso, ngozi bado mgongoni.

"Mama," Kibwana akasema. Hakumtuma Zena. "Nilidhani utamfundisha wewe."

Heshima yangu yote nikaitafuta pale sakafuni, siioni. "Na mimi nilidhani wewe," nikasema.

Kwetu ukitaka kuuondoa mwiko wa mkwe anatolewa kuku. Kwa kawaida hutoa mkwe. Mimi nilitoa mwenyewe, tetea wangu anayetaga, uamuzi nikaufanya usiku ule ule, asubuhi nikamkabidhi Kibwana mbele ya babu yenu, Kibwana hajashuka relini, na maneno yetu ya kwanza uso kwa uso, mama mkwe na mkwe, hayakuwa ya heri wala ya baraka. Tulipanga nani atamfundisha mbwa kuacha. Tukamfundisha wote wawili, Kibwana akirudi toka kazini, kwa neno moja. Ilichukua siku nne tu.

Mtoto wa Zena alizaliwa tukiwa na mahindi ya kutosha, na ndiye huyo mama yenu, anayecheka sasa hivi nikimsomea hapa. Basi nimeapa, na kiapo changu mnakijua: kazi yoyote ikigawanywa katika nyumba hii, mimi ndiye nitakayeuliza swali la kijinga, tena mbele ya wageni. Ila mahindi yavunieni mbali na mimi. Nikisikia kwaa, hata leo na miguu hii, magoti yanataka kushuka yenyewe.