Kwa Mdomo Mmoja

Kwetu Mabela, hapa Maskati, mchezo wa maswali ulichezwa Ijumaa mchana, biriani ikishaliwa na sahani zikishatolewa, kabla usingizi haujawapitia wazee. Boksi lake kaka yangu alilinunua duka moja la mtaa wa Al Khuwair. Juu lilikuwa na picha ya familia ya Kizungu inacheka mpaka magego yanaonekana. Watoto upande mmoja wa ubao, baba na mama upande wa pili. Sie tunaulizwa mambo ya zamani, wao wanaulizwa mambo ya siku hizi, na anayepata anasogeza kete yake mbele.

Siku ya kwanza hakupata mtu. Maswali yote ya Marekani, nani aliimba nini, nani alicheza filamu gani. Mama, ambaye kazaliwa Ng'ambo ya Unguja na huku Maskati kaja bibi harusi, alilisukuma boksi kwa ncha ya kidole.

"Hawa wamesahau kuwauliza watu kama sie," akasema.

Basi kaka akakatakata maboksi ya viatu, tukaandika kadi zetu wenyewe. Za kutuuliza sie aliziandika mama: mkate wa mofa unapikwa ndani ya nini, kibatari kinatiwa mafuta gani, kunazi inaliwa vipi. Za kuwauliza wao tuliandika sie. Mdogo wangu wa kike, ambaye wakati huo Kiswahili alikuwa anakizungumza tu na kukiandika ndo kwanza anajifunza, aliandika nyingi kuliko sote, na karibu zote zilikuwa za simu.

Tulitia na sheria yetu moja. Wazee lazima wajibu kwa mdomo mmoja. Wanong'one kwanza, wakubaliane, kisha mmoja aseme na mwenziwe aitikie. Wakitofautiana, pointi yetu.

Sheria hiyo ilitutajirisha. Baba alikuwa hawezi kusubiri. Kakulia hapa hapa, kasoma kwa Kiarabu, kafanya kazi wizarani, watu wamemzoea akisema wao wanaandika. Swali halijesha yeye keshajibu, na mama ndo kwanza ameinama na ukingo wa kanga mdomoni anataka kumnong'oneza.

"Sasa mbona hukuniuliza?" mama husema.

"Nlikuwa nnajua."

"Ulikuwa unajua nini, na umekosa?"

"Nlijua nnavyojua mie."

"Haya, wape pointi yao. Wewe na watoto wako mko upande mmoja, mie nacheza peke yangu hapa."

Tulikuwa tukicheka mpaka tunajilaza kwenye zulia. Mama naye akicheka. Mie nilidhani tunacheka kitu kimoja.

Ugomvi wenyewe ulikuja kwa njia ya simu. Khalati wetu, mdogo wake mama, alipiga kutoka Unguja, bibi anaumwa, anamtaka mama ende akamuuguze japo kidogo. Mama alikuwa jikoni anakamua tui. Baba akaipokea simu ya mama, akasikiliza, akajibu: mwaka huu hawezi, mtoto ana mitihani, tutaona mwakani. Akakata. Mama alikuwa keshafika mlangoni, mikono yote miwili nyeupe, kasikia kila neno.

Hawakupiga makelele. Nadhani ningependa zaidi wangepiga. Walikwenda chumbani, wakazungumza kwa sauti ya chini muda mrefu sana, na alipotoka baba alikuwa na begi. Talaka moja ilikuwa imemtoka. Akahamia kwa shangazi, mtaa wa Ghubra, mama akakaa eda pale pale nyumbani.

Asiyejua mambo yetu, talaka moja si mwisho. Madhali eda haijesha, mume akisema nimekurejea, basi, mke ni wake, hapana harusi mpya wala mahari. Neno moja tu. Mie neno hilo nililisubiri kama watu wanavyosubiri mvua hapa kwetu, kutwa natazama juu. Mie ni mtu wa kuota, nimeumbwa hivyo. Skuli niliishia sekondari, nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, na baina ya mgonjwa na mgonjwa najenga majumba kichwani. Katika majumba yote hayo baba alikuwa anarudi. Mara anarudi na maua, ingawa hajapata kununua ua maisha yake. Mara anarudi usoni kanuna, begi kalitupa, anauliza chakula kiko wapi, na mama anamwekea. Hilo ndilo nililipenda zaidi, maana lilifanana na wao.

Eda ilikuwa inakaribia kwisha. Binti na mamaake nyumba moja, mambo hayo hujuana bila ya kuambiana. Nikamwambia kaka, Ijumaa tumwite baba tutoe ubao.

"Wewe unadhani watu wanarejeana kwa kete?" kaka akasema.

"Wakae upande mmoja tu. Wanong'onezane. Huwezi kumnong'oneza mtu na umemnunia."

"Unaweza. Mie pale kazini nawanong'oneza kila siku watu nisiowapenda."

Lakini alimpigia.

Baba alikuja na halua, akapiga hodi. Mlango wa nyumba yake mwenyewe, na funguo namwona nazo mkononi. Mdogo wangu akamfungulia, akamshika mkono akamvuta mpaka ukumbini. Mama akatoka jikoni, kajitanda.

"Hujambo?"

"Sijambo. Umeshasali?"

"Nimesali. Mama yako vipi?"

"Vile vile."

Tukala. Baba aliisifu biriani mara mbili, mama akasema masala yamezidi. Ubao ulipotolewa niliogopa mama atajitia ana kazi, lakini alikaa mahala pake pa siku zote, na baba akakaa pake. Baina yao walibakisha nafasi ya kutosha mtu. Mchezo ukaanza mzitomzito. Kaka aliulizwa kibatari akasema petroli, mama akasema alhamdulillahi hukuzaliwa zamani, ungetuchoma. Baba akacheka puani. Lilipokuja swali lao la pili baba alifungua mdomo, kisha akaufunga, akamgeukia mama. Nikamfinya kaka. Kaka naye ameona.

Kisha mdogo wangu akasoma kadi yake. "Mtu akikuandikia hhhhh kwenye simu, anafanya nini?"

Hakuna mtu Maskati asiyejua hilo. Baba na rafiki zake wa wizarani kutwa wanaandikiana hivyo. Lakini hakujibu. Alijisogeza, akaifuta ile nafasi baina yao, akainama karibu ya sikio la mama akasema kitu kifupi. Kisha akamtazama. Akasubiri.

Mama alikuwa anatazama ubao. Ukingo wa kanga uko mdomoni. Mdogo wangu akaanza kuhesabu kwa Kiarabu kuwaharakisha, kaka akamwambia nyamaza. Mie nawaona weshahamia chumba kimoja, naliona begi linafunguliwa. Mama akainama, akanong'ona. Maneno machache. Baba akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeelezwa njia na anataka kuikumbuka.

"Anacheka," mama akasema kwa sauti.

Kaka akamtazama baba. "Baba? Mdomo mmoja."

"Kama alivyosema mamaako," baba akasema.

Mdogo wangu akawasogezea kete, akapiga makofi. Haijapata kutokea baba kusema vile. Mie nikasimama nikasema nakwenda kupika kahawa, kwa sababu nilikuwa naona haya kulia mbele yao kwa furaha. Niliporudi na birika baba alikuwa amesimama, anavaa kofia. Akasema shangazi anamsubiri. Akambusu mdogo wangu kichwani, akanishika bega. Mkono wake ulikuwa mzito. Halua yake ilikuwa bado mezani haijafunguliwa.

Mama alikuwa keshakwenda jikoni, anaosha masufuria. Nikachukua kitambaa cha kukaushia nikasimama ubavuni pake. Nilikuwa natabasamu, nakumbuka.

"Mama, kakurejea?"

"Kaniuliza," akasema.

"Alipokuwa anakunong'oneza?"

"Hapo hapo. Kanambia, nikurejee? Kisha akangoja." Alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. "Miaka yote hii hajapata kuningoja. Nkasema moyoni, leo kaja mtu mwengine."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia hapana. Nimemwambia nimechoka, ende salama, na watoto ni wetu sote."

Sikuelewa. Nilimwambia, lakini si ndo ulichokuwa ukikitaka siku zote, akuulize? Nilikuwa nasema kama mtoto mdogo na najisikia.

"Ndo nlichokuwa nkikitaka," mama akasema. "Kaniuliza kwa kweli, na mie nkamjibu kwa kweli. Ningemdanganya ningekuwa mtu gani?"

Akasuuza sufuria akanipa. Nikaikausha. Nilitaka nisiulize tena lakini mdomo wangu haunisikii.

"Na kama asingekuuliza? Angesema tu nimekurejea, kama walivyo watu wote?"

Mama akafikiri. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonikata.

"Ningekaa," akasema. "Ningefanyaje. Ningekaa, na jioni ningempikia."

Ukumbini mdogo wangu alikuwa anamrekodia baba ujumbe wa sauti. Ana sauti kali, inafika mpaka jikoni. Alikuwa anasema, Baba, umekwenda na mchezo haujesha, nyinyi ndo mliokuwa mbele, Ijumaa uje mapema usikae sana kwa shangazi. Mama alifunga bomba apate kusikia vizuri. Alisimama vile, mikono inadondosha maji, mpaka ujumbe ukesha.

Kisha akalia. Mama yangu halii kwa sauti, mabega tu. Nikakitua kitambaa nikamshika kwa nyuma, kichwa changu kwenye mgongo wake, na nikasikia pumzi zake zinakwenda na kurudi. Nilijaribu kufikiri kitu kizuri, kama ninavyofanya siku zote mambo yakinishinda. Hakikuja. Nikaendelea kumshika hivyo hivyo.